Tawi Lililokimbia Mkasi

Mkisimama stendi ya Dodoma mkanunua zabibu za kwenye ndoo, msizisugue ule ungaunga mweupe kwa hofu kwamba ni dawa ya wadudu. Si dawa. Ni nta, na tunda lenyewe ndilo linaloitengeneza ili lisikauke kwa jua letu hili lisilo na huruma. Ziosheni kwa sababu ya vumbi na mikono ya watu, hapo sina ugomvi na ninyi vijana mnaoanza kazi. Mimi nimekuwa bibi shamba wa zabibu miaka yangu yote ya kazi, na neno hilo la nta nimelisema mara nyingi kuliko nilivyolitaja jina la marehemu mume wangu.

Najua mnajiuliza: Bi Zuhura, Mrangi wa Kondoa, mtoto wa Kiislamu, na zabibu za Dodoma wapi na wapi? Hata mjomba wangu aliuliza. Nilipopata barua ya kazi alinitazama juu ya miwani akasema, "Za kula au za kunywa?" Nikamjibu, "Mjomba, mimi nitafundisha watu kulima tunda. Likishatoka shambani, kila mtu na kaburi lake." Akacheka, akaniombea dua, nikapanda basi.

Lakini tunda lenyewe halikunisaidia kutunza heshima. Mwaka wangu wa pili kazini niliwapelekea wazazi maji ya zabibu kwa ajili ya futari. Nilizikamua vizuri kwa kitambaa safi, nikajaza chupa, nikakaza kizibo kwa nguvu zote za ujana, nikaifungia sandukuni kati ya kanga. Siku mbili zikapita, na joto mnalijua. Jioni ile mama alipofungua, kizibo kiliruka kikagonga bati, na povu likamwagikia tambi na kaimati. Baba, mtu wa swala tano, akanusa hewa. Akanigeukia polepole.

"Zuhura. Hiki umekipikia wapi?"

"Sikukipika, baba. Kimejipika chenyewe."

Na nilikuwa nasema kweli, ingawa hakuna mwizi ambaye hajawahi kusema maneno kama hayo. Kwenye ngozi ya zabibu hukaa vijidudu vya hamira ambavyo jicho halivioni. Tunda likiwa zima vinakaa tu. Ukilikamua, vinaikuta sukari, vinaila, vinatoa pombe na hewa, na hewa ikikosa pa kutokea inakitafuta kizibo. Mimi nilikuwa nimeyasoma hayo yote chuoni na kuyajibia mtihani, nikapata alama nzuri. Mama aliosha bakuli zile mara tatu na hakunisema, ila tangu siku hiyo nikija nyumbani alikuwa akinipokea mzigo na kuutikisa kwanza.

Sasa niwaambie jambo ambalo wageni wengi hawaliamini. Mzabibu ni mti wa nchi za baridi. Huko kwao, baridi ikija unapukutisha majani, unalala, na joto likirudi unaamka na kuzaa. Mara moja kwa mwaka, basi. Hapa kwetu baridi ya kuulaza hakuna. Ukiuachia, utaota majani Januari mpaka Desemba kama mtu aliyekosa usingizi, na matunda utayasikia kwa jirani. Kwa hiyo sisi tunaulaza kwa hila. Tunaacha kuumwagilia mpaka uchoke, halafu tunaupogoa, yaani tunakata matawi yake kwa mkasi. Mti unadhani umelala na sasa umeamshwa. Unachipua, unazaa. Ndiyo maana Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na hao wenye baridi yao wanavuna mara moja.

Aliyenifundisha mkasi ni Mzee Laurenti, Mgogo mfupi mwenye viganja vigumu, aliyejifunza kupogoa kwa mapadri wa misheni tangu ujana wake. Hakuwa na cheti hata kimoja. Mimi nilikuwa na vyeti viwili, na wiki ya kwanza nilikata waya wa kuegeshea matawi nikidhani ni tawi kavu. Mzee Laurenti aliutazama ule waya ukining'inia, akasema, "Huo nao utachipua, tuusubiri." Alikuwa ananitania hivyo mpaka alipostaafu.

Yeye ndiye aliyeniondoa hofu ya machozi. Mzabibu ukishapogolewa, siku chache baadaye pale ulipokatwa hutoka maji safi, tone kwa tone. Mizizi imeamka inasukuma maji juu, na juu mlango umekatwa, basi yanadondoka. Mkulima mmoja alinifuata ofisini mbio, jasho linamtoka, akaniambia, "Bibi shamba, umeniulia shamba, miti yote inalia!" Nami nikaogopa kuliko yeye. Mzee Laurenti alikuwa anakunywa chai, wala hakukiweka kikombe chini. "Unaolia uko hai," akasema. "Usiolia ndio mniite."

Na ndiye aliyenipa kanuni iliyokuja kunitia aibu. Kwenye kila tawi kuna vifundo, na kila kifundo kina kichipukizi kilicholala. Wakulima wetu huviita macho. Mzee Laurenti alisema: hesabu macho mawili kutoka shinani, kata, nenda mti mwingine. Macho mawili, basi. Kwa zabibu nyekundu za huku, zile ambazo wakulima wote walikuwa nazo, kanuni hiyo haikutuangusha kamwe. Nikaishika kama aya. Nikawafundisha wengine, na aliyeacha macho matatu nilimsema mbele ya wenzake.

Halafu biashara ikafunguliwa. Ninyi mmezaliwa mkaikuta hivi, hamjui ilivyokuwa. Kwanza mnunuzi alikuwa mmoja. Akija amekuja, asipokuja zabibu zinaozea shambani. Mara wakaanza kuja watu wa kila namna na pikapu zao, kila mmoja na bei yake na maneno yake. Ofisini kwetu nako watumishi wakapunguzwa, tukabaki wachache na baiskeli zisizo na breki. Wanunuzi wale walikuwa wanatafuna zabibu moja, wanakunja uso, wanamwambia mkulima hazina sukari. Nikaanza kuwafuata na kipimo changu, kibomba kidogo chenye kioo. Unatia tone moja la maji ya zabibu, unakielekeza juani, unachungulia. Mwanga ukipita kwenye sukari unapinda, na kadiri sukari ilivyo nyingi ndivyo unavyopinda zaidi, na ndani unausoma mstari. Babu mmoja wa njia ya Mtera alichungulia muda mrefu akaniuliza kama Dar es Salaam inaonekana. Nikamwambia leo kuna mawingu.

Pamoja na pikapu ikaja miche. Zamani miche yote ilitoka sehemu moja. Sasa mtu alikuwa anaweza kukutana na mfanyabiashara hotelini akarudi nyumbani na vipande vya matawi vilivyofungwa kwenye gunia lenye unyevu. Hivyo ndivyo marehemu Baba Yeremia, mkulima wa kijiji kimoja upande wa kusini mwa mji, alivyoipata miche yake. Akaipanda kwenye kipande cha ardhi ya ukoo karibu na kisima, akaijengea nguzo na waya. Kabla haijafikia umri wa kuzaa, akafariki. Akabaki mkewe, Mama Yeremia, na watoto wanne.

Nilimpenda yule mama tangu siku ya kwanza. Alikuwa mrefu, mkimya, anayetembea kama hana haraka na kazi yote imekwisha. Alimwagilia kwa ndoo. Alitia samadi. Nilipomwambia acha maji, aliacha. Nilipomwambia weka, aliweka. Mimi mwenyewe nikaja na mkasi wangu, macho mawili, basi.

Msimu wa kwanza miti ilitoa majani mazuri ya kijani, na zabibu hakuna. Nikasema bado michanga. Msimu wa pili majani, zabibu hakuna. Nikaandika kwenye daftari langu: udongo. Msimu wa tatu majani mpaka yanaziba njia. Nikaandika: samadi imezidi. Mnaona? Udongo, samadi. Kalamu yangu ilizunguka shamba zima, na mkono unaoishika haikuufikia.

Wakati mimi naandika, kijijini watu walikuwa wanasema. Walisema yule mama ana mkono mbaya. Mume amekufa, na kila anachokigusa hakizai. Maneno hayo yalianza kisimani, yakahamia kilabuni, mwisho yakafika kwa Mzee Chilewa, kaka mkubwa wa marehemu. Mzee Chilewa hakuwa mtu mbaya, nataka mlielewe hilo. Alikuwa na watu wengi wa kulisha, na mwaka ule uwele ulikuwa umekaukia shambani. Akatangaza kwamba Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa. Kama hakuna sababu ya maana, mizabibu ing'olewe, pale karibu na kisima papandwe mtama wa ukoo. Na mama akapewe kipande cha kule kwenye mawe.

Nilipata habari siku ya Jumatano. Nikapanda baiskeli yangu isiyo na breki nikaenda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Hakuwa analia. Aliniletea kigoda, akaniletea maji, akasimama. "Umekuja kunipa pole?"

"Nimekuja kutazama udongo tena."

"Udongo utautazama baadaye. Njoo huku kwanza."

Akanipeleka nyuma ya zizi. Pale mwisho wa shamba mti mmoja ulikuwa umerusha tawi refu juu ya uzio wa miiba, na kwa sababu ya miiba sikuwahi kupenyeza mkono wangu kulikata. Mama naye aliliacha, kwa maelezo yake, kwa sababu lilikuwa linawapa vifaranga kivuli. Alilifunua majani kwa ncha ya fimbo. Vichala vitatu vya zabibu nyeupe vilikuwa vinaning'inia pale, vimeiva.

"Hili limekimbia mkasi wako, mwanangu," akasema taratibu. "Na hili ndilo lililozaa."

Hakusema kwa hasira. Laiti angesema kwa hasira! Alichuma moja akanipa. Niliitia kinywani nikaitafuna, ulimi ukatafuta mbegu usizione. Nikachukua nyingine, vilevile. Zabibu zisizo na mbegu. Misimu mitatu nimeipogoa mizabibu ile na sikuwahi kuuliza ni ya aina gani. Kwangu mzabibu ulikuwa mzabibu. Nilitamani ile baiskeli inibebe mpaka Kondoa bila kusimama.

Ofisini kulikuwa na kabati la vitabu ambalo panya walilitumia kuliko sisi. Nikakaa nalo usiku wa kuamkia Alhamisi na asubuhi yake. Nikakipata nilichokuwa nakikumbuka kwa mbali: ziko aina za zabibu, na hizi zisizo na mbegu ni mojawapo, ambazo macho ya karibu na shina ni matasa. Yanatoa jani tu. Macho yanayozaa yako mbali kidogo kwenye tawi, la tano, la sita, la saba. Na tunda haliji siku mti unapochipua. Linakuwa limeshaumbwa ndani ya jicho msimu uliotangulia, dogo mno, limekunjwa, linasubiri. Kwa hiyo kila nilipohesabu mawili nikakata, niliangusha chini mavuno yote ya mama yule, na watoto wake wakayaokota kuwashia moto.

Mzee Laurenti alikuwa ameshastaafu. Nilimfuata kwake nikamweleza. Alitazama viganja vyake. "Mimi nilizijua nyekundu tu," akasema. "Kasome, kisha ukaseme." Niliona imemuuma, na nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku zote.

Kusema wapi, ndilo lililoniweka macho. Ningeweza kwenda kwenye kikao nikasema udongo umerekebishika, nipeni msimu mmoja. Wangenikubalia, mimi ni mtu wa serikali. Lakini mkono mbaya ungebaki kwa Mama Yeremia, na zabibu zikizaa wangesema dawa ya bibi shamba imemtoa mkosi. Ijumaa nikaenda kwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari moja mjini, nikamwomba hadubini ya shule. Alinitolea kwenye sanduku la mbao kama anayekabidhi mtoto mchanga, akaniambia ikivunjika nisirudi mjini.

Jumapili niliwakuta wamekaa uani kwa Mzee Chilewa, wanaume kwenye vigoda, wanawake kwenye ngozi, Mama Yeremia peke yake pembeni na mikono imefungwa mapajani. Nikasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitika. Nikaomba kusema kabla hawajaanza.

"Wazee wangu," nikasema, "aliyekata mizabibu hii misimu yote mitatu ni mimi. Mama amefanya kila nilichomwambia. Nilichomwambia kilikuwa na makosa, na mkasi wangu ulikuwa unakata penye matunda. Mkono mbaya ni wangu."

Kuku alipita katikati yetu.

Mzee Chilewa akasogeza kigoda mbele. "Bibi shamba, ngoja nielewe. Unasema serikali imekuwa inaua mimba ya mti huu mara tatu, na sisi tunamnyooshea kidole mama?"

"Ndiyo, mzee."

"Na tutajuaje kwamba leo ndiyo unasema kweli?"

Nikafungua sanduku. Nilikuwa nimekata tawi moja refu kutoka mwisho wa shamba. Nikatoa wembe, nikapasua jicho la pili kutoka shinani, nikaliweka chini ya kioo juani. Majani tu, yamekunjana. Wakapita mmoja mmoja, wakaona majani. Nikapasua jicho la sita. Nikachungulia, sikuona kitu. Wembe ulikuwa umepita vibaya ukaliponda. Nilisikia mtu anaguna nyuma yangu. Niwaambie ukweli, wanangu, kazi ile nilikuwa nimeisoma tu, sijawahi kuifanya. Nikapangusa jasho lisidondokee kioo, nikachukua jicho la saba, nikalipasua polepole huku nimezuia pumzi. Nikachungulia. Nikamwita Mzee Chilewa.

Aliinama akafumba jicho analochungulia, akafumbua, akafumba la pili. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesema peke yake, "Kuna kitu kama suke la uwele. Dogo. Lina punje."

"Hizo punje ndizo zabibu za msimu ujao, mzee. Zimo humo tayari."

Alibaki ameinama. Mtu aliyekuwa ameukosa uwele wake mwaka ule alikuwa anatazama suke ambalo halijakauka. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelowa, sijui kwa jua au kwa kingine, sikumuuliza. Hakunitazama mimi. Alitembea mpaka pembeni alikokaa Mama Yeremia, akasimama mbele yake, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya ua waliisikia:

"Shemeji, mkono wako hauna neno. Tulisema. Tumekosa."

Kikao kiliishia hapo. Habari ya mtama haikutajwa tena. Wapo watakaouliza kama mizabibu ilizaa. Ilizaa, na mnunuzi mmoja alikunja uso akitafuta mbegu. Nilimwandikia mkuu wangu taarifa yote bila kujipunguzia, naye akanisema sana, kisha akaagiza nizunguke vijiji kuuliza nani ana miche ya aina gani, kazi ambayo nilipaswa kuifanya tangu mwanzo. Nilizunguka nikiwaambia wakulima kosa langu kabla sijawaambia kanuni, na niliona wananisikiliza vizuri kuliko zamani. Ninyi mnaoingia kazini leo mna simu zinazojua kila kitu. Ulizeni hata hivyo, na mkikosea semeni mapema, kwa sababu kosa lako usipolibeba wewe kuna mtu mwingine analibeba, na mara nyingi ni yule asiye na wa kumsemea.

Lakini ninachokikumbuka zaidi ni alasiri ile ile, watu walipotawanyika. Nilirudi mpaka shambani pamoja na Mama Yeremia, nikatoa mkasi mfukoni, nikainama kwenye mti wa kwanza. Aliniwekea mkono begani.

"Lete," akasema.

Nikampa. Aliupima uzito wake kiganjani, akaufungua, akaufunga. Ulikuwa unamtosha mkono kuliko ulivyonitosha mimi. Akashika tawi la kwanza pale chini kabisa, kwenye shina.

"Leo nakata mwenyewe," akasema. "Wewe hesabu macho. Na usiishie mawili."

Nikapiga magoti kwenye udongo, nikaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yeye akawa anapandisha kidole taratibu kulifuata tawi.